Mbwa kala chokoleti: piga hesabu kabla hujammiminia kitu

Hapa Zanzibar, kila baada ya Sikukuu napata simu za namna moja. Mtoto karudi kutoka viwanja vya Sikukuu vya Mnazi Mmoja na mfuko wa peremende na chokoleti, kauacha barazani, mbwa wa ulinzi kaumaliza na karatasi zake. Anayepiga hunambia kwa pumzi moja: "Nimeshampa maziwa, nimeshampa maji ya chumvi, sasa nifanye nini?" Nikimuuliza mbwa ana kilo ngapi, kimya. Chokoleti ya aina gani? "Hii ya kawaida tu." Kala saa ngapi? "Sisi tumemkuta tu."

Msimu wa wageni nao huja na yake. Chokoleti imetoka Ulaya ndani ya begi, joto la kaskazi limeilainisha, mgeni kaiweka mezani ipoe, mbwa wa nyumba kapita.

Chokoleti ni sumu kwa mbwa, lakini kiasi ndicho kinachoamua. Nimechoka kurudia maneno hayo saa nane za usiku, kwa hiyo nayaweka hapa kwa mpangilio. Mie si daktari. Ni mtu niliyekaa na mbwa wa ulinzi miaka mingi, nikakosea, nikafundishwa na madaktari.

Kama mbwa wako ana degedege sasa hivi, kazimia, au ufizi wake umekuwa rangi ya buluu, ruka hadi Hatua ya 6, na mtu mwengine ampigie daktari wakati wewe unasoma.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya siku yenyewe

Nambari mbili za madaktari wa mifugo. Mbili, kwa sababu ya kwanza itakuwa imezimwa. Ziandike ukutani pia, zisiwe kwenye simu ya mtu mmoja aliyelala Mjini. Kwa aliye Nungwi au Makunduchi, kufika Mjini ni saa nzima na ushei. Kwa aliye Pemba, nambari ya kwanza iwe ya daktari aliyepo Pemba.

Dereva aliyekubali. Hili watu hawalifikirii hata kidogo. Daladala haitakuchukua, na teksi nyingi zikiona mbwa zinaondoka. Tafuta mwenye kirikuu, mwambie mapema kwamba siku yoyote unaweza kumwita kwa ajili ya mbwa, mkubaliane bei na turubai la kutandika nyuma.

Mizani. Yoyote inayosema kweli.

Glavu, ndoo ya peke yake, sabuni na kopo la udongo safi. Tusioneane haya. Wengi wetu tunafuga mbwa kwa ulinzi wa shamba au nyumba na hatumshiki, kwa sababu ya najisi. Hukumu tunaijua: kuosha mara saba, moja kwa udongo. Basi vifaa vya kujitoharisha viwe tayari pamoja na glavu, ili usipoteze nusu saa ukimzunguka mbwa na kijiti. Nimeona mtu anammiminia mbwa dawa kwa kikombe kilichofungwa kwenye ufagio. Dawa iliingia puani.

Sirinji ya mililita 20 bila sindano, na kipimajoto kitakachobaki kuwa cha mbwa, kimeandikwa hivyo kwa wino usiofutika.

Haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, chupa ambayo haijafunguliwa. Ile ya kusafishia vidonda. Soma lebo. Nyengine huandikwa "10 vol", nayo ndiyo hiyo hiyo ya asilimia 3. Ya asilimia 6, au "20 vol", au ya saluni ya kubadilishia rangi ya nywele, itamuunguza koo na tumbo. Hii ni ya kukaa kabatini hadi daktari aseme, sababu utaiona Hatua ya 5.

Kamba imara, tochi, daftari na kalamu.

Mkaa wa jikoni sikuuorodhesha na si kwa kusahau. Mkaa wa dawa ambao daktari huutumia umetengenezwa kwa namna ya pekee hata ukawa na uwezo wa kunasa sumu. Mkaa uliosagwa kwenye kinu utamchafua mbwa mdomo, basi.

## Sumu yenyewe, kwa ufupi

Ndani ya kakao mna theobromini na kafeini. Mtu huzivunja na kuzitoa upesi. Mbwa hawezi: nusu ya theobromini aliyokula huwa bado imo mwilini baada ya saa 17 hivi. Ikikaa huko inakimbiza moyo, inatetemesha misuli na kusumbua ubongo. Hakuna dawa ya kuifuta. Tiba yote ni kuitoa kabla haijaingia damuni, au kumlinda mbwa mpaka imtoke.

Kwa hiyo jambo linaloamua ni kiasi. Mbwa mkubwa aliyelamba kipande cha chokoleti ya maziwa na kitoto cha mbwa kilichoingia kwenye unga wa keki wako mbali kama Mkoani na Kizimkazi.

## Hatua ya 1: Mtoe pale, okota karatasi

Mfunge kamba, muweke mbali na mabaki. Kama una mbwa zaidi ya mmoja, watenganishe wote, kwa sababu aliyekula si lazima awe yule mwenye chokoleti puani.

Kisha okota kila karatasi, hata iliyoko jaani. Zipange sakafuni kama unavyounganisha sahani iliyovunjika na uone kilichokosekana. Karatasi inakupa gramu, inakupa asilimia ya kakao, na inakupa orodha ya viungo. Piga picha pande zote mbili.

Kwenye viungo tafuta vitu viwili kabla ya vyote:

- Zailitoli, sukari ya vitu "visivyo na sukari". Wakati mwengine huandikwa E967. Hii inaweza kushusha sukari ya mbwa ndani ya nusu saa na kuharibu ini. Ukiiona, acha hesabu zote, piga simu sasa hivi.
- Zabibu kavu. Zinaweza kuua figo za mbwa, na haijulikani kipimo kilicho salama. Chokoleti yenye zabibu, au keki ya Sikukuu yenye zabibu na kakao, ni simu ya moja kwa moja kwa daktari.

Buni za kahawa nazo usizidharau. Kafeini yake inakwenda njia ile ile.

Kama kipande cha karatasi ya fedha kimekosekana, kiandike daftarini. Kinaweza kuziba utumbo siku mbili mbele, wakati nyote mmeshasahau.

*Umefanikiwa ukiwa na:* mbwa kafungwa, karatasi zimekusanywa, picha ziko kwenye simu.

## Hatua ya 2: Pata majibu matatu

Kilo ngapi? Mbwa wetu wa kienyeji wengi ni kilo 12 hadi 18, lakini usikisie kama mizani ipo. Ya bafuni: jipime peke yako, jipime umembeba, toa. Hutaki kumbeba? Mashambani, hasa Pemba, mizani ya kutundika ya karafuu haikosi. Kitoto cha mbwa kinakaa vizuri ndani ya pakacha, mkubwa unampitishia gunia lililokatwa matundu manne ya miguu. Pima pakacha au gunia tupu kwanza. Lililotumika kwa kazi hiyo usilirudishe kwenye karafuu za watu.

Aina gani, na kiasi gani? Mkivutana ndani ya nyumba, mmoja anasema nusu na mwengine anasema yote, andika yote. Mbwa wawili wamekula paketi moja? Mhesabie kila mmoja kama kaila peke yake.

Saa ngapi? Swali la kuuliza ni: mara ya mwisho chokoleti ilionekana nzima saa ngapi? Kama ilikuwa saa kumi na mbili magharibi, na mbwa mmemkuta saa mbili, anza kuhesabu saa kumi na mbili. Ukianza na saa uliyomkuta unajipa muda ambao huna.

## Hatua ya 3: Hesabu

Ni kuzidisha na kugawa tu, mtoto wa skuli ataifanya:

gramu alizokula × nguvu ya chokoleti ÷ kilo za mbwa

Nguvu, kwa miligramu za sumu hiyo ndani ya kila gramu moja ya chokoleti. Nimezizungusha, na pale penye shaka nimekwenda juu:

- Chokoleti nyeupe: karibu na sifuri. Hofu yake ni mafuta.
- Chokoleti ya maziwa: 2.5
- Chokoleti nyeusi ya kawaida, kakao asilimia 50 hivi: 5.5
- Nyeusi ya asilimia 70 na kuendelea: 9
- Chokoleti ya kupikia isiyo na sukari: 16
- Unga mtupu wa kakao: 28

Unga wa kunywa uliochanganywa na sukari: tazama asilimia ya kakao kwenye kopo. Ukiandikwa 25, nguvu yake ni robo ya 28, yaani 7.

Sasa tazama tofauti. Mbwa wa kilo 15 kala gramu 100 za chokoleti ya maziwa: 100 mara 2.5 ni 250, gawa kwa 15, unapata 17. Mbwa huyo huyo kala gramu 100 za nyeusi ya asilimia 70: 900 gawa kwa 15, unapata 60. Na akila gramu 50 tu za unga wa kakao, 1,400 gawa kwa 15, umefika 93. Paketi ya mwisho ndiyo ndogo kuliko zote, na ndiyo inayoweza kumuua.

Hapo ndipo hadithi ya "chokoleti haimdhuru mbwa, wangu anakula kila siku" inapotoka. Anayesema hivyo mbwa wake analamba ya maziwa. Siku atakapokuta unga wa keki ataona.

Keki, nayo? Rudi kwa aliyepika. Kijiko cha kulia kilichosawazishwa cha unga wa kakao ni gramu 5 hadi 7. Keki iliyotiwa gramu 75 za kakao ina miligramu 2,100. Ikikatwa vipande 12, kila kipande ni 175. Mbwa wa kilo 15 aliyebeba vipande vitatu kafikia 35.

Jibu lako, yaani miligramu za sumu kwa kila kilo ya mbwa, maana yake nini:

*Chini ya 20.* Anaweza kutapika au kuendesha kidogo, zaidi kwa mafuta na sukari. Mpigie daktari kwa ushauri, nenda Hatua ya 8.

*20 hadi 40.* Dalili zitakuja: kiu, kutapika, kuharisha, kutotulia. Simu sasa.

*40 hadi 60.* Moyo umeingia hatarini. Simu, na gari iwashwe.

*60 na zaidi.* Degedege inawezekana. Mpeleke huku unapiga simu.

Mbwa mzee, mwenye ugonjwa wa moyo, mwenye mimba, au anayenyonyesha, mpandishe daraja moja. Theobromini hupita kwenye maziwa, hivyo vitoto navyo vitenge na mama. Na kitoto cha mbwa kina hesabu ya kushtua: kilo 4, gramu 50 za chokoleti ya maziwa tu, umeshafika 31.

## Hatua ya 4: Piga simu, sema kwa mpango

Salimu kwa kifupi, kisha soma daftarini:

"Daktari, mbwa wangu dume, kilo 15, kala gramu 90 za chokoleti nyeusi ya asilimia 70. Ilikuwa nzima saa mbili na nusu usiku, sasa saa tatu. Hesabu yangu ni 54 kwa kilo. Hajatapika, anatembea sawa. Hakuna zailitoli wala zabibu. Niko Jambiani, gari ninayo."

Sekunde ishirini. Daktari ambaye ungemweka robo saa akikuchimba maneno sasa anaweza kuamua. Kisha nyamaza umsikilize. Akisema mlete, mlete. Usimuulize kama madafu yatasaidia.

Pemba nawaambia wazi: msingoje boti wala ndege ya kuvukia Unguja. Saa za mwanzo ndizo zenye faida, na zitaishia bandarini. Daktari wa mifugo wa wilaya aliye Chake Chake au Wete, hata kama kazi yake ya kila siku ni ng'ombe na mbuzi, anajua kuweka maji ya mshipa na anajua dawa ya kutuliza degedege. Akitaka, atamuuliza mwenzake wa Unguja kwa simu mbele yako.

## Hatua ya 5: Kutapisha, kwa amri ya daktari tu

Hii ndiyo hatua iliyonifanya niandike.

Miaka hiyo nilikuwa natunza mbwa watatu wa nyumba ya wageni pwani ya mashariki. Usiku mmoja mlinzi akaniamsha: Chui kala chokoleti ya mgeni. Nilifanya kama nilivyosikia kwa wakubwa. Nikachanganya maziwa na chumvi ya kukoroga, mlinzi akamshika taya, mie nikainua kichwa chake juu nikamimina. Akakohoa. Nikaona anakataa, nikamimina tena. Asubuhi alikuwa anapumua kwa tumbo, mbavu zinaingia ndani, na kila pumzi ina sauti kama maji yanayochemka mbali. Siku ya tatu akafa.

Daktari akaniomba karatasi ya chokoleti. Gramu 80, ya maziwa. Chui alikuwa kilo 16. Hesabu: 12 na nusu. Angeharisha siku moja akarudi lindoni. Kilichomuua ni maziwa niliyomtia mapafuni.

Kwa hiyo vifuatavyo havimo katika mwongozo huu, ametaja nani asitaje nani:

Maziwa hayazimui sumu hii; yanaongeza mafuta tumboni. Maji ya chumvi yanaweza kupandisha chumvi ya damu hadi ubongo ukaathirika; hiyo ni sumu ya pili juu ya ya kwanza. Mafuta ya nazi, ya mawese, samli, yote yanaingia mapafuni kwa urahisi kuliko maji. Maji ya sabuni yanatoa povu. Kidole kooni kinapata meno. Madafu hayana ubaya mkubwa, ila si dawa, na muda unaoupoteza ukiangua dafu haurudi.

Daktari akikuruhusu umtapishe nyumbani, kwa sababu uko mbali na chokoleti ni ya karibuni, kwa kawaida ndani ya saa mbili, hakikisha kwanza: mbwa yuko macho kabisa, anameza vizuri, hatetemeki, hajaanza kutapika mwenyewe, na si wa pua bapa. Moja likikosekana, usiguse chupa, mwambie daktari.

1. Vaa glavu. Mtoe uwani, mahali penye mwanga na penye udongo au majani. Usimfunge mdomo kwa kamba. Mbwa anayetapika aliyefungwa mdomo anavuta matapishi.
2. Vuta peroksaidi ya asilimia 3 kwenye sirinji: mililita 1 kwa kila kilo, na isizidi mililita 45 hata kama mbwa ni mkubwa kama ndama. Kilo 15, mililita 15. Daktari akisema kipimo chengine, fuata chake.
3. Kichwa kibaki usawa wake wa kawaida. Ingiza ncha ya sirinji pembeni, kati ya shavu na meno ya nyuma, sukuma kidogo kidogo, mwache ameze.
4. Mtembeze taratibu. Wengi hutapika ndani ya dakika 10 hadi 15. Asipotapika, mpigie daktari kabla ya kurudia. Mara ya tatu haipo.
5. Akitapika, mvute mbali asile tena, maana atataka. Kagua kwa kijiti: chokoleti imetoka kiasi gani, karatasi imo? Piga picha. Fukia.

*Umefanikiwa ukiona:* matapishi ya kahawia yenye harufu ya chokoleti, na mbwa anayepumua bila kukohoa. Hata hivyo kutapika hakutoi yote. Kama hesabu ilikuwa juu ya 40, safari iko pale pale.

## Hatua ya 6: Akianza dalili

Dalili kwa kawaida hujitokeza kati ya saa 6 na 12 tangu alipokula, wakati mwengine mapema zaidi. Ndiyo maana watu hudanganyika: saa nne usiku mbwa anacheza, wanakwenda kulala, alfajiri wanamkuta anagonga ukuta.

Mwanzo ni mdogo. Anakunywa maji mfululizo. Anakojoa ovyo. Analala, anainuka, analala, anainuka. Ukimmulika tochi ubavuni utaona ngozi inacheza peke yake, kama ya punda anayefukuza nzi. Nikiiona hiyo mie sisubiri dalili nyengine.

Pima vitu vitatu:

Moyo. Weka kiganja kifuani kushoto, pale kiwiko chake kinapogusa mbavu. Hesabu sekunde 15, zidisha kwa 4. Mbwa wa kati aliyetulia huwa kati ya 70 na 120. Ukimkuta juu ya 160 na hajakimbia, au mapigo yanarukaruka bila mpango, ni dharura.

Ufizi. Nyanyua mdomo wa juu. Wa waridi ni mzima. Mweupe, wa buluu au mwekundu kama tofali ni dharura. Mbwa mwenye ufizi mweusi wa asili, vuta kope la chini utazame hapo.

Joto. Kipimajoto kwenye tundu la nyuma. Kawaida ni 38 hadi 39.2. Likifika 40, mwagie tumbo na miguu maji ya mfereji ya kawaida, muweke penye upepo, acha kumwagia likishuka hadi 39.5. Barafu usimpake.

Degedege ikimshika: zima taa, nyamazisheni watoto, sogeza vitu vya kumuumiza, tazama saa. Usimtie kijiko wala mkono mdomoni. Mbwa hamezi ulimi wake. Ikipita dakika 5, au zikifuatana, apandishwe garini namna yoyote, kwa kumviringisha ndani ya blangeti.

Na hapa pana hatari nyengine, ya majirani. Mbwa anayetetemeka, anayetoka povu na kuyumba anafanana sana na mwenye kichaa cha mbwa. Watu watatoka na bakora, na siwalaumu. Funga geti, sema mapema kwamba kala chokoleti, onyesha karatasi na kadi yake ya chanjo. Lakini kama hana chanjo, na hakuna aliyeona chokoleti wala karatasi yake, usijipe moyo: usimshike, mfungie, mwite daktari wa mifugo. Ukiumwa au mate yakiingia kwenye kidonda, osha kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo kwa chanjo.

## Hatua ya 7: Njiani na kwa daktari

Mlaze kwa ubavu, kichwa chini kidogo kuliko mwili kama anatapika. Madirisha wazi. Chukua karatasi zote na daftari. Mtu mmoja aendeshe, mwengine amtazame mbwa tu.

Usishangae daktari akimweka siku nzima. Atamtapisha kwa sindano kama bado panafaa, atampa mkaa wa dawa, maji ya mshipa, dawa ya kutuliza misuli au moyo. Sumu inayokaa saa 17 nusu yake tu ikiwa imetoka haimalizwi na sindano moja, na mtu akikuahidi hivyo muulize tena.

## Hatua ya 8: Kumkesha nyumbani

Kwa aliyebaki nyumbani kwa ushauri wa daktari, au aliyerudishwa.

Chumba cha giza, kimya, chenye upepo. Maji muda wote. Na jambo ambalo wengi hawalijui: mtoe akojoe kila baada ya saa mbili au tatu, hata usiku. Mkojo ukikaa kibofuni theobromini hufyonzwa tena na kurudi damuni. Mbwa wa ulinzi aliyezoeshwa asichafue banda atabana mkojo mpaka asubuhi, na uaminifu wake huo unamrefushia sumu.

Kila saa, kwa saa 12 za mwanzo, andika: mapigo, ufizi, katapika mara ngapi, kakojoa saa ngapi. Mistari mifupi inatosha: "Saa saba: 110, waridi, kakojoa, kalala." Mapigo yakipanda mara mbili mfululizo, mwamshe daktari. Ndiyo kazi yake.

Kwa kiasi kikubwa dalili zinaweza kudumu hadi saa 72. Usimfungulie lindo kabla ya hapo.

## Hatua ya 9: Chakula

Asile kitu mpaka zimepita saa 12 bila kutapika, maji tu. Kitoto cha mbwa usikinyime muda wote huo, muulize daktari.

Kisha anza na wali mweupe laini na kuku wa kuchemsha asiye na ngozi wala mfupa, au samaki aliyechambuliwa miba, konzi moja kila saa nne. Wali *mweupe*, nasisitiza, kwa sababu wali wetu ni wa nazi na nyumba nyingi humpa mbwa ukoko uliobaki. Tui ni mafuta, na kongosho lake limetoka tu kupigwa na mafuta ya chokoleti. Pilau na mchuzi pia hapana; vitunguu navyo vinamharibia damu.

Kongosho huweza kuvimba siku moja hadi tatu baadaye, wakati theobromini imeshaondoka. Utamjua: anakunja mgongo, anainamisha mbele huku makalio yako juu, anakataa kula, anatapika tena. Rudi kwa daktari na useme "siku ya pili baada ya chokoleti", asije akaanza kutafuta upya. Ile karatasi iliyokosekana nayo ikumbuke: asipokunya siku mbili na tumbo limejaa, apigwe picha ya tumbo kwa daktari.

Siku ya nne mfungulie jioni. Akila sahani yake yote, akaamka usiku kumbwekea komba juu ya mwembe hadi ukakosa usingizi, osha ile ndoo uirudishe mahali pake.